Shimo Lililoitwa Mlima

Sisi tuliolelewa kati ya Tawa na Mbumbuni, wakati redio ilikuwa moja kijiji kizima na viatu vilikuwa vya Krismasi, tunajua kwetu panaitwaje. Panaitwa Yiimani. Kwa Kikamba yiima ni shimo, kwa hivyo Yiimani ni shimoni, hakuna cha kuficha. Leo ukipita barabarani utaona kibao kimeandikwa Kiimani, yaani mlimani. Eti ni herufi moja tu, nitulie. Situlii.

Shimo lenyewe lilikuwepo kabla sijazaliwa. Wazungu walikuja enzi za ukoloni wakitafuta dhahabu, wakaona mawe meupe yamechomoza katikati ya shamba la susu, nyanya yangu mzaa baba. Hawakumwomba ruhusa, walimwambia ang'oe kunde zake. Mwalimu wetu wa jiografia alitueleza baadaye kwamba mwamba wa kwetu, ule wenye mistari myeusi na myeupe, ni wa kale mno. Ulipikwa chini kabisa ya ardhi ukakunjwa kama unga wa chapati, kisha maji ya moto yakapenya kwenye nyufa zake na kuacha mshipa wa mawe meupe, na ndani yake chembe za dhahabu. Basi wazungu wakaufuata mshipa huo kwenda chini, kwa baruti na kwa migongo ya wanaume wetu. Juu ulikuwa mpana, lakini kadiri walivyoshuka ulizidi kuwa mwembamba, na maji yakaanza kuwaingilia. Wakafunga mashine zao wakaenda. Hata koleo moja la udongo hawakurudisha.

"Walikuja kutafuta dhahabu yao," susu alikuwa akisema, "wakaniachia shimo langu."

Sisi watoto tulipapenda, nitasema nini? Tulikalia vipande vya debe kuukuu tukateleza kwenye lundo la mchanga wa mgodi mpaka kaptula za wavulana zikatoboka. Tuliokota magamba ya mawe yanayong'aa, yale yanayomenyeka kama ganda la kitunguu, tukaamini kabisa ni dhahabu na kwamba tutanunua basi. Jioni tulirudi weupe kama waliolala kwenye unga, tukachapwa, tukapewa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na kunde, tukalala. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyesogelea mdomo wa shimo. Mtoto wa kwetu alifundishwa jina la mahali kabla hajajua jina la babu yake. Na kila mvua zilipokwisha, akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana mashambani, walikata matawi ya miiba wakalizungushia shimo uzio mpya. Hakuna aliyewalipa wala kuwapigia makofi. Vijana wa leo simu inawaonyesha njia mpaka mlangoni, lakini muulize mmoja mto anaouvuka unaitwaje, atakukodolea macho.

Halafu tukapata shule. Wazazi walifyatua matofali wenyewe, wakaezeka mabati, ikabaki jina. Mzee mmoja wa kanisa akasimama akasema ni aibu watoto wa watu waliookoka kusoma Shimoni, kana kwamba wako njiani kwenda kuzimu. Afadhali Kiimani, mahali pa kuinua macho. Watu wakaitikia amina. Susu peke yake aliuliza huo mlima uko wapi. Wakamcheka, wakamwambia mama, huu ni mlima wa kiroho. Aka! Mlima wa kiroho, na shimo la kweli liko nyuma ya choo cha shule!

Jina likatoka shuleni likaingia sokoni, likatoka sokoni likafika ofisini. Nilikuwa msichana mkubwa siku nilipomsindikiza susu kwenda kuomba serikali ilijaze lile shimo, apate tena shamba lake kabla hajafa. Pale ndipo kunde zake zilikuwa zikistawi hata mwaka wa njaa. Afisa aliyetupokea alikuwa Mkamba mwenzetu wa kutoka Kitui, si mgeni wa lugha. Alimsikiliza, akauliza mahali panaitwaje siku hizi, akaambiwa, akatabasamu.

"Mama, Kiimani ni mlimani," akamwambia. "Sasa unataka tujaze mlima?"

Ofisi nzima ikacheka. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile damu inanichemka. Susu alifunga leso yake vizuri, akasema asante, tukatoka. Alirudi tena na tena mpaka miguu ikakataa, na kila mara walimtuma alete mtu wa kuwaonyesha huo mlima wenye shimo. Alikufa akiwa anapanda kunde kwenye ukingo tu, pale jembe lilipoweza kufika.

Mama zetu wa mwethya nao wakazeeka. Wake wageni walioolewa kwetu waliona ni kazi bure kukata miiba ya kuzungushia kichaka, maana kichaka kilikuwa kimekwisha lifunika shimo lote. Walikuwa wameolewa Kiimani, mahali pazuri pa kuinua macho. Nani angewaambia watazame chini?

Miaka ya tisini ilikuwa inaanza pale Mwende alipotumbukia. Alikuwa binti wa mwalimu mpya aliyehamishiwa kwetu kutoka Mwingi, ameingia kichakani na wenzake kuchuma matunda ya mwituni. Wanaume walishuka kwa kamba wakamtoa hai, lakini hakutembea tena. Utoto wetu ulikuwa wa matope na kiboko, sikatai, ila ulikuwa na uzio, na wa kwao una kibao kilichopakwa rangi vizuri.

Nilikwenda hospitali kumwona. Mama yake, yule mwalimu, alikuwa amekaa kando ya kitanda, ameshika viatu vya mtoto mkononi. Aliniuliza mbona hakuna mtu aliyewaonya. Nikamwambia zamani palikuwa pakiitwa Yiimani. Yeye ni Mkamba, hakuhitaji kufafanuliwa. Aliviangalia vile viatu.

"Nani alipabadilisha jina?" akauliza.

Nikamwambia ni sisi.