Darasa la Mjomba Sahau

Kama kuna mtu aliyejua kusahau kwa ustadi, basi ni mwalimu mmoja mstaafu ambaye watoto wa mtaa mzima walimwita Mjomba Sahau. Kila alasiri, shule zikishafunga milango na watoto wakiwa bado na nguvu za kupasua mawe, alifungua ukumbi mdogo nyuma ya karakana ya maseremala, akapanga mabenchi, akafuta ubao kwa kipande cha shati lake kuukuu, kisha akaanza kusahau. Alisahau saba mara nane ni ngapi. Alisahau mvua inatoka wapi. Alisahau kaskazini iko upande gani, akaining'iniza ramani kichwa chini miguu juu na kuikodolea macho, mpaka mtoto mmoja akashindwa kuvumilia, akaja mbele kuigeuza.

"Ahsante, mwanangu," alisema kila mara. "Hebu nieleze polepole. Siku hizi kichwa changu kimejaa mchanga."

Basi mtoto alieleza. Mjomba alielewa nusu, akauliza swali la kijinga kwelikweli, na hapo waliinuka wengine kumwokoa yule wa kwanza, kila mmoja na njia yake, wakibishana, wakinyang'anyana chaki, wakichora hadi sakafuni. Jua likianza kushuka, somo zima limekwisha na limefundishwa na watoto wenyewe. Mjomba aliamini kabisa kwamba walikwenda nyumbani wakimwonea huruma, mzee wa watu.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine. Mkewe, muuguzi mstaafu mwenye ulimi mwepesi, alijua kwamba mwanamume huyu hajawahi kusahau kitu tangu wafahamiane.

"Wewe unayekumbuka nani alikaa wapi kwenye harusi yetu, ndiye Sahau?" alimwambia. "Ipo siku watakugundua, nawe utakosa pa kuuficha uso."

"Hawanigundui ng'o. Kujifanya hamnazo ni kipaji, mama, na mimi nimejaliwa."

Kipaji chenyewe kilimtesa. Kwa kinyozi, ambako wazee hucheza drafti wakisubiri zamu, Mjomba alikuwa hashindiki. Siku moja amebakiza hatua moja tu ammalize kinyozi, akainua macho na kuona wanafunzi wake wamejazana dirishani. Afanyeje? Alishika kete yake bora kuliko zote akaipeleka moja kwa moja mdomoni mwa adui, akashindwa vibaya. Tangu siku hiyo kinyozi hakushikika. Kila aliyekaa kwenye kile kiti alisimuliwa ushindi ule kuanzia mwanzo, akiwa nusu amenyolewa, hana pa kukimbilia. Mjomba alirudi nyumbani akiuma meno, na mkewe alicheka mpaka akajishika ukutani.

Enzi zake za shuleni hakuwa hivi hata kidogo. Walimwita Mwalimu Radi. Akiingia darasani hata nzi walitua. Aliandika hesabu kwa mwandiko wa kupendeza, akaikokotoa yote mwenyewe mpaka mwisho, akageuka na kunguruma, "Mmeelewa?" nalo darasa likajibu "Ndiyo, mwalimu," na wala hawakuelewa chembe. Yeye mwenyewe alijua hawakuelewa. Alistaafu na hilo likimkaa rohoni kama mfupa wa samaki kooni.

Baadaye aliomba ukumbi ule kwa ajili ya watoto waliokuwa wakizurura kila alasiri, na siku ya kwanza kabisa, kwa bahati tu, akaacha miwani nyumbani. Alimwomba mtoto amsomee swali, kisha amweleze lina maana gani, kwa sababu haoni ubao. Kufumba na kufumbua watoto walikuwa juu ya mabenchi wakigombania zamu ya kumweleza. Mjomba alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama kijana aliyekubaliwa posa. Kesho yake miwani ilikuwa mfukoni mwake, na kwa uso mkavu akasema ameisahau tena.

Mtoto mmoja tu hakuwahi kumfundisha kitu. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, wenzake walimwita Kimya. Alifika kabla ya wengine na kukaa mwisho wa benchi la nyuma. Mama yake, mshonaji wa sare, alikuwa ameshaambiwa na walimu wa shuleni kwamba binti huyu hana lolote kichwani. Mjomba alihangaika naye. Alimsahaulia mambo mepesi kuliko yote, mpaka leo ni siku gani. Kimya alimtazama kwa upole, akatabasamu, asiseme neno.

Likizo ndefu ilipokaribia, Mjomba alipanga kufungua ukumbi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Watoto wangesoma, wangechora, wangepanda mboga nyuma ya ukuta. Walishaanza kugombana nani atamwagilia maji. Lakini ukumbi ulikuwa mali ya mtaa, na mwenyekiti wa mtaa alikuwa anatafuta pa kuhifadhi viti na maturubai ya shughuli. Alikuwa mama wa haja, mwili tele, sauti nzito, mkoba mkubwa usiotoka kwapani. Tena, kwa balaa, alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Radi.

"Shikamoo, mwalimu," alisema alipompitia nyumbani. "Nasikia unataka ukumbi likizo nzima. Sikatai. Ila mimi nakukumbuka. Mpaka leo nikisikia neno theluthi, tumbo linaniuma."

"Marahaba, mwanangu. Nimebadilika sana."

"Haya. Ijumaa nakuja kukaa darasani nione kwa macho yangu. Nikikuta watoto wanafaidika, ukumbi wenu. Nikikuta yaleyale, Jumamosi naingiza viti."

Mwenyekiti alipoondoka Mjomba alizunguka sebuleni mpaka mkewe akamwambia atatoboa zulia. Angemwonyesha nini huyu mama? Mzee anayesahau saba mara nane? Wangesema amechakaa, na watoto wangekaa likizo nzima vibarazani wakihesabu nzi. Akakata shauri. Ijumaa hatasahau. Ijumaa atafundisha kama mwalimu.

"Unamrudisha Radi?" mkewe aliuliza.

"Radi gani? Manyunyu tu."

"Manyunyu yako nayajua," mkewe alisema, akaenda kumpigia shati pasi.

Ijumaa ikafika. Mjomba aliingia na tai shingoni na miwani puani, vitu ambavyo ukumbi ule haukuwahi kuviona pamoja. Watoto wakatazamana. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba magotini.

"Leo," Mjomba alisema, "tunajumlisha nusu na theluthi."

Mwenyekiti akaweka mkono tumboni.

Mjomba aliandika kwa ule mwandiko wake wa kupendeza. Akaeleza asili, akaeleza kiasi, akatafuta namba inayogawanyika kwa mbili na kwa tatu, yote mwenyewe, bila kukosea hata nukta. Mikono ya watoto, iliyokuwa imeshaanza kuinuka kwa mazoea, ikashuka mmoja baada ya mwingine. Wakafunga mikono vifuani. Mmoja akaanza kupiga miayo.

"Mmeelewa?" Mjomba aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu. Ndani ya ukumbi ule hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Neno hilo lilimkata maini. Akamtupia jicho mwenyekiti, akamwona ameshafungua mkoba anatafuta simu, na alijua ni ya kuwaita wabeba viti. Akageukia ubao aendelee, akaiona ile hesabu yake, na kichwa kikawa cheupe.

"Sita," alisema. "Hii sita... sita tumeipata..."

Hakujua. Hesabu aliyoifundisha maisha yake yote ilikuwa imesimama mbele yake kama mgeni asiyemfahamu hata jina. Chaki ikavunjika mkononi.

"Mjomba amesahau," mtoto mmoja alisema kwa furaha, na kicheko kikapita mabenchini, maana walidhani mchezo wao umeanza hatimaye. Lakini Mjomba hakugeuka na lile swali lake la kijinga. Alibaki palepale, macho kwenye ile sita.

Ndipo Kimya alipoinuka kule nyuma.

"Mjomba, keti," alisema.

Sauti yenyewe ilikuwa nzito kuliko umbo lake, na ukumbi mzima uligeuka kutafuta nani amesema. Mjomba akaketi. Kimya akaburuta benchi moja hadi mbele. Lilikuwa la watu sita, na kila mtu alilijua hilo, kwa kuwa wa saba huanguka daima.

"Nusu ya benchi ni watu wangapi?"

"Watatu," wakajibu.

Akawakalisha watatu. "Na theluthi?"

Hapo wakaanza kubishana. Mmoja alisema watatu, mwingine akamwambia theluthi na tatu si ndugu wa tumbo moja, mwingine akapanda juu ya benchi lake ili asikike vizuri.

"Ligawe benchi mafungu matatu sawa," Kimya alisema. "Kila fungu linabeba wangapi?"

"Wawili."

Akawakalisha wawili zaidi. "Hesabuni. Watano, na imebaki nafasi moja, yaani sudusi. Nusu na theluthi ni sehemu tano kati ya sita. Sita ni nafasi za benchi, Mjomba. Nusu inapimika kwa nafasi hizo, na theluthi inapimika kwa nafasi hizohizo, ndiyo maana zinakubali kukaa pamoja."

"Ngoja kwanza," ilisema sauti ya mlangoni. Mwenyekiti alikuwa amesimama, simu ameisahau mkononi. "Mbona mimi nilikuwa najumlisha juu kwa juu na chini kwa chini? Moja na moja mbili, mbili na tatu tano. Mbili ya tano. Nilikosa kila mara na sikuambiwa kwa nini."

Mjomba akatazama viatu vyake.

"Mama, nusu peke yake imeshakalisha watatu kati ya sita," Kimya alisema. "Mbili ya tano haifiki hata nusu. Utaongezaje kitu halafu upate pungufu?"

Mwenyekiti alilitazama benchi. Alilitazama tena. "Alaa," alisema taratibu. "Alaa, kumbe." Na kabla mtu hajajua afanye nini, alitembea mbele na mkoba wake akaenda kuketi kwenye ile nafasi iliyobaki.

Benchi likalia. Watoto watano wakasogea, wakabanana, wakabebana, na kijana wa mwisho upande wa pili akadondoka chini puu.

"Sehemu lazima zilingane," alisema kutoka sakafuni, kwa heshima zote. "Mama si sudusi. Mama ni theluthi."

Watoto wakamtazama mwenyekiti. Mjomba alifumba macho, akauaga ukumbi moyoni. Kisha akasikia benchi linatikisika, akafumbua jicho moja. Kicheko cha mwenyekiti kilikuwa kimeanzia mabegani, kikashuka mpaka kwenye mkoba, na sasa kilikuwa kinawarusha watoto wanne waliobaki.

"Haya," alisema akijifuta machozi, "nusu, na theluthi, na mimi theluthi nyingine. Inakuwaje?"

"Saba ya sita," darasa zima lilijibu.

"Ndiyo maana nimeanguka," alisema yule wa sakafuni.

Baada ya hapo haikuwezekana tena kumtuliza mtu. Mwenyekiti alitaka ajaribiwe robo na sudusi, benchi la pili likaletwa, maseremala wakaja kuchungulia ni kelele za nini nao wakakalishwa kama sehemu, na Mjomba, tai imehamia begani, miwani imeshavuliwa, alikuwa anarukaruka na kipande cha chaki akiuliza maswali ya kijinga kwa furaha isiyo na kifani. Jioni mwenyekiti alitoa ufunguo mkobani, akamwekea kiganjani.

"Viti vitalala barazani kwangu," alisema. "Likizo nzima, asubuhi hadi jioni. Na Jumatano na mimi nakuja. Tumbo limepona, mwalimu."

Watoto walipokwisha kutawanyika, Kimya alibaki kurudisha mabenchi mahali pake. Mjomba akamsaidia upande mmoja.

"Mwanangu, kumbe unajua hivi. Mbona siku zote nikisahau hukunieleza?"

"Siku zote ulikuwa unajua, Mjomba."

Mjomba aliweka benchi chini. "Nani kasema?"

"Sote tunajua. Tangu ile siku ya drafti. Hakuna mtu anayeshindwa na yule kinyozi." Kimya akapangusa mikono. "Tulikubaliana tusikwambie. Unafurahi sana tukikueleza, ungevunjika moyo. Ila mimi siwezi kujifanya, ndiyo maana nilinyamaza. Leo ulisahau kweli."

Siku zote hizo Mjomba akiwahurumia, na wao wakimhurumia yeye, kila upande umejifanya hamnazo mbele ya mwenzake. Alitoka nje anacheka peke yake, akapita karakana anacheka, akampungia kinyozi mkono anacheka, na machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu. Alikuwa ameshafikia kona ya kwao aliposikia mtu anamkimbilia kwa nyuma. Alikuwa Kimya, anahema, na miwani mkononi.

"Mjomba, umesahau," alisema, na kwa mara ya pili siku hiyo ilikuwa kweli.