Kibao cha Mwanafalsafa

Fundi alichonga maandishi kwa mkono: vikombe vya mashindano ya mpira, vibao vya milango ya ofisi za jiji. Miaka ishirini ya kazi hiyo, hadi jicho moja likabaki limefinywa hata akiwa anakula.

Mwaka ule jiji likaanzisha tuzo ya wanafalsafa. Makubwa haya! Karani wa jiji akamletea fundi karatasi ya sifa za mshindi, za kuchongwa kibaoni, pamoja na onyo.

"Meya mwenyewe atasoma jukwaani. Ukiharibu, kazi zetu zote zinahamia kwa wale wenye mashine."

Karatasi ilikuwa na maneno sitini na matatu. Kibao kilichoagizwa kilikuwa kile kile cha mabingwa wa mpira, upana wa kiganja. Fundi akapiga simu.

"Mkuu, hayaenei."

"Fupisha, bwana, ila maana isipotee," karani akajibu, akakata.

Fupisha! Mtu aliyeishia shule ya msingi afupishe falsafa! Mkewe akamwazimia kutoka maktaba kitabu cha mshindi, bibi mmoja profesa. Fundi akasoma kurasa kumi, jasho likamtoka.

"Mama watoto, huyu hajibu kitu! Wema ni nini, nani kasema, kwa nini tumwamini. Anauliza weee!"

"Si ndiyo kazi yake?" mkewe akasema, akiendelea kukunja nguo.

Fundi akaketi, akachonga.

Siku ya tuzo alijibanza nyuma ukumbini. Profesa alikaa mbele na hotuba nene mapajani. Meya akakohoa, akasoma kwa sauti ya serikali:

"Ameuliza sana."

Meya akakigeuza kibao, akitafuta yaliyobaki. Karani akamkodolea fundi macho, naye maskini akajua kazi ndiyo imekwenda.

Mara bibi akaangua kicheko, akacheka hadi hotuba ikamwagika sakafuni.

"Nani kachonga hiki?"

Wakamsukuma fundi mbele.

"Vitabu tisa nimeandika," bibi akasema, akijifuta machozi. "Hakuna aliyewahi kunielewa hivi."

"Fundi wetu huyo!" Meya akadakia, amefurahi kunusurika na ile hotuba nene.

"Wetu kabisa, mheshimiwa," karani akaitikia, bila haya.

Bibi akamshika fundi mkono. "Mwanangu, siku nikifa, jiwe la kaburi langu uchonge wewe."

Fundi akamtazama kwa lile jicho lililofinywa.

"Mama, jiwe lenyewe lina ukubwa gani?"