Ganda la Chungwa Ugokoni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku ya tatu hasa, na siku ya nne likanikata ugoko.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa uhuru. Nilikuwa nimetoka kwetu Mkongani kuja kuolewa Msambweni, na mume wangu akarudi Mombasa kwenye kazi yake ya bandarini kabla hina haijafutika mikononi mwangu. Nikabaki na mavyaa, mama yake, mwanamke wa maneno ya kupima. Nikimwambia shikamoo aliitikia marahaba, na mazungumzo yetu ya siku nzima yakawa yamekwisha. Upweke ulinifikisha pa kusemeza kuku.

Kidonda kilipotunga usaha, mavyaa alinikalisha kizingitini, akakiosha kwa maji ya chumvi, akamenya chungwa. Chungwa lenyewe alinipa nile. Ganda alilikunja juu ya ugoko, akalibana mpaka mafuta yakaruka.

"Watu hudhani dawa imo kwenye maji yake," alisema. "Imo humu gandani. Mafuta haya ndiyo yanayoua vijidudu. Huoni chungwa hukaa siku nyingi lisioze, mpaka ganda lipasuke?"

Lilinichonyota vibaya. Lakini mkono wake mwingine ulikuwa umenishika kisigino, na tangu mume wangu aondoke hakuna aliyekuwa amenigusa. Nililia kuliko maumivu yalivyostahili.

Ikawa hivyo kila asubuhi: chungwa, ganda, na maneno mawili matatu ya utoto wake. Kisha kidonda kikaanza kukauka, nami nikaingiwa na hofu. Kikipona, atanishika kwa sababu gani? Basi nikafanya upumbavu wangu. Kila alasiri nilikichokoa kwa mwiba wa mndimu uliokuwa nyuma ya jiko.

Haikupita juma akagundua. Aliutazama ugoko, kisha akanitazama usoni kwa muda mrefu. Nilitaka kumwambia kwamba sina wazimu, ni upweke tu.

Aliinuka, akaniwekea kapu la machungwa miguuni.

"Mikono unayo," akasema, akaenda zake shambani.

Nikawa nakamua maganda mwenyewe. Kidonda kilipona upesi, maana sikuwa tena na sababu ya kukichokoa.