Moto Gani?

Kila aliyeletwa kwake Rumonge akiwa ameungua, Chausiku alimuuliza swali moja tu: "Moto gani?" Hakuuliza jina wala kwao. Maji, mkaa na mawese vinachoma kila kimoja kivyake, na tiba yake hufuata. Tangu kabla ya uhuru alikuwa akipasua majani ya mshubiri, akakwangua ute kwa kijiko na kuupaka kwenye jani changa la mgomba lililochemshwa, jani lisilong'ang'ania nyama. Muuguzi wa zahanati alimtania, "Mama, leo unafunga mukate ya muhogo na majani?" Kisha akamletea wagonjwa wake.

Mwisho wa Aprili 1972, siku chache kabla ya machafuko ya waasi na jeshi, pipa la mawese yanayochemka lilipinduka na kumchoma Aruna, mkamuaji, kuanzia bega hadi kiuno. Chausiku alimbadilishia jani asubuhi na jioni. Siku ya tisa ngozi changa ikaanza kuota pembeni.

"Mama, sasa iko inawasha," Aruna alilalamika.

"Afadhali. Nyama iliyokufa haiwashi."

Asubuhi hiyo wakaja askari wawili na mtu wa ofisi mwenye karatasi. Nyumba zilikuwa zimechomwa, na wao walishaamua kwamba aliyeungua ndiye mchomaji.

"Moto gani?" aliuliza yule mtu.

Swali lake mwenyewe, kinywani mwa mwingine. Chausiku akajibu lote: ni mawese, tazama alama, zimetiririka kutoka begani na kukonda huku chini, moto wa nyumba hautiririki, majirani waliliona pipa.

Mtu akaandika.

"Umeandika nini, bwana?"

"Feu."

"Ndiyo nini?"

"Moto."

"Nimekuambia mengi yote hayo, umeandika kadogo hako?"

"Inatosha, mama."

Ikatosha. Aruna alipandishwa lori, jani mgongoni. Chausiku aliwafuata hadi barabarani na bakuli la ute. "Jioni nani atamubadilishia jani?" Askari mmoja akacheka. Mtu aliyekuwa anapona alichukuliwa kwa kosa la kidonda chake, hakurudi, na waliomchukua walikula chakula chao cha mchana kama kawaida.

Wiki iliyofuata jirani wa Chausiku, Mariyamu, alimleta binti yake, mkono umejaa malengelenge.

"Mama Chausiku, huyu ame..."

Chausiku akamziba mdomo kwa kiganja kabla hajautaja moto. Akafunga mlango, akauinua ule mkono kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kutafuta mwenyewe alama zilikotiririkia.