Lavabo ya Mama Mkwe

Mara ya tatu lavabo ilipoziba, nilimwambia wifi yangu maneno ambayo hadi leo natamani ningeyameza.

Tulikaa Bukavu, katika nyumba ya zamani ya Wabelgiji, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Ilikuwa miaka ya Zaire. Mume wangu alikwenda kazini na koti la abakosti lililofungwa hadi shingoni, nami nilifundisha shule ya msingi. Waliojenga nyumba ile waliweka lavabo, sinki la kunawia, katika kila chumba cha kulala, na sisi tuliwaonyesha wageni kwa majivuno. Katika chumba cha nyuma alilala mama mkwe wangu pamoja na binti yake wa mwisho, huyo wifi yangu, aliyetoka kijijini Walungu kuja kujifunza ushonaji.

Lavabo ya chumba hicho ndiyo iliyoziba. Mara ya kwanza nilidhani ni sabuni, nikamwaga birika zima la maji ya moto. Maji yakasimama palepale, yakapoa, yakafanya utando mweupe juu. Mume wangu akaleta kikombe cha mpira chenye mpini wa mti, akasukuma na kuvuta mpaka shati likamlowa jasho, ndipo maji yakashuka kwa kishindo.

Wiki mbili hazikupita, ikaziba tena. Safari hii tukaita fundi wa mabomba. Aliweka ndoo chini, akafungua sifoni, lile bomba lililopinda chini ya lavabo, akaligonga kwenye ukingo wa ndoo. Kikaanguka kitu cheupe, kigumu, kimechukua umbo la bomba lenyewe.

"Sitwayeni, hii iko bugali," akaniambia, akiniita "raia" kama ilivyoamriwa wakati ule. "Na maji ya moto yenye ulitia iliipika mara ya pili. Kwenu munatupaka chakula mu lavabo?"

Nilikosa pa kuficha uso. Mwalimu mzima, nyumbani kwangu chakula kinatupwa kwenye bomba!

Kwa hiyo ilipoziba mara ya tatu, sikuuliza. Nilimfuata wifi yangu chumbani, nikamsimamia mbele.

"Ni weye."

"Hapana, yaya," akasema, akiniita dada kama siku zote. "Naapa, siyo mimi."

"Watu wanalala njaa mu huu muji, na weye unatupa chakula ya kaka yako! Kama hautaki kula kwetu, rudia kwenu!"

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya mapaja, macho chini. Nilikichukua kimya chake kuwa ushahidi: hata mama yake, nikajiambia, anamwonea haya. Msichana alilia mpaka akapata kwikwi. Kesho yake asubuhi alifunga nguo zake, akapanda gari la kwenda Walungu. Mume wangu aliizibua lavabo, hakunilaumu, ila hakula siku hiyo.

Siku ya nne baada ya wifi kuondoka, niliingia kumpelekea mama mkwe maji ya moto ya kunawa. Lavabo ilikuwa imejaa tena.

Nilisimama na beseni mikononi nisijue pa kuliweka. Mume wangu alikuwa kazini. Mama mkwe alikuwa nje akiota jua. Sikumwita. Nilileta ndoo, nikapiga magoti, nikaifungua sifoni kama nilivyomwona fundi akifanya. Ikatoka sombe ya jana, yale majani ya muhogo, bado ya kijani. Vikatoka vidonge vya bugali vilivyofinyangwa kwa vidole, vidogo kama harage. Kikatoka kipande cha samaki nilichomchagulia kwa mkono wangu, kisicho na mwiba. Hakikuguswa na jino.

Miezi kadhaa nyuma mama mkwe alikuwa ameomba kulia chumbani, kwa sababu ya magoti, alisema. Sahani yake ilirudi jikoni tupu kila siku, nami nilifurahi kwamba mzee anakula vizuri.

Alinikuta hapo sakafuni. Alishika mlango kwa mkono mmoja, akaitazama ndoo.

"Maman, juu ya nini?" nikamwuliza.

Akaketi, akagusa koo. "Haipite. Naweka mu kinywa, inafika hapa, inasimama, inarudia. Maji tu ndiyo inapita. Maji na maziwa."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mbele ya Noeli."

Na Pasaka ilikuwa imeshapita. Kisha akafungua kikwembe chake, kitenge alichojifunga. Chini yake kulikuwa na kingine, na chini ya hicho kingine tena, kisha shuka iliyokunjwa kuzunguka kiuno. Alipomaliza, niliona mbavu moja moja. Tulikuwa tumeishi naye nyumba moja, na mwili wake ulikuwa umeisha bila sisi kujua.

"Mama yangu alikufa hivi," akasema. "Walimupeleka hospitali, hakurudia."

"Na mutoto wako? Si ulisikia namna nilimutukana?"

"Nilisikia." Akafunika uso kwa kikwembe. "Woga ilinishinda."

Sijui ni lipi lililonishtua zaidi, mbavu zile au jibu lile. Nilibaki nimekaa kwenye maji machafu, na sikuweza kumkasirikia.

Hospitalini daktari alisema kuna uvimbe umebana njia ya chakula, na tumechelewa. Mume wangu aligeukia ukuta, kisha tukamrudisha mama nyumbani.

Kesho yake nilikwenda Walungu. Nilimkuta wifi yangu shambani akilima na shangazi yake. Nilipiga magoti kwenye tuta, mbele ya watu.

"Lavabo iliziba tena," nikasema. "Na weye haukuwa pale."

Alinitazama, jembe mkononi. "Sasa ni nani?"

Nilimweleza. Jembe likamwanguka. Nilingoja anitukane, ningelipokea kila neno. Aliuliza tu, "Anakunywa nini?"

"Maziwa. Na uji ya kuchuja."

Alikwenda kunawa miguu, na mchana huohuo tukarudi pamoja Bukavu.

Mama mkwe aliishi mpaka mvua ziliporudi. Binti yake alimchujia uji kwa kitambaa safi, akamnywesha kijiko kwa kijiko, saa nzima kwa kikombe kimoja. Siku moja, kabla sauti haijamwisha, mama alimshika mkono mbele yangu.

"Siku ile ningesema ni mimi," akanong'ona.

Wifi yangu alimpangusa mdomo. "Kunywa, maman," akasema, akajaza kijiko kingine.

Mama mkwe alifariki asubuhi moja, tulipokuwa tukimgeuza ili tumtandikie kitanda. Tulimzika Walungu. Wifi yangu alibaki huko. Hakuniambia kamwe kwamba amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza.