Nusu kwa Nusu Umeipima kwa Futi Gani?

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Najikasirikia mwenyewe, na uzee wote huu haujanipunguzia. Lakini kwanza acha nikwambie kilichonichokoza.

Juzi mjukuu wangu Jabiri, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, alinipeleka Kinyerezi kunionyesha kiwanja anachotaka kujenga. Kiwanja kimetulia, udongo mzuri, ila kipo chini kabisa bondeni. Nikamuuliza, masika maji yanafika wapi? Akacheka. "Babu, hiyo ni fifti-fifti. Ama yatafika, ama hayatafika."

Mtu anataka kulaza watoto wake mahali, na hesabu yake yote ya hatari ni kwamba mambo mawili yanaweza kutokea! Basi na mimi nikiruka kutoka juu ya paa ni fifti-fifti, maana ama nitavunjika mguu ama sitavunjika. Nilinuna njia nzima mpaka nyumbani, na kilichoniuma zaidi ni kwamba maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, tena mbele ya mtu aliyenitakia mema.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi seremala pale Keko, kwenye karakana ya Mzee Chande. Yeye alikuwa mtu mfupi, mkali, penseli haimtoki sikioni. Mwaka huo dada yangu Mwaju alikuwa anaolewa Kimbiji, ng'ambo ya Kigamboni. Unazijua desturi zetu. Vyombo vya bibi harusi vinatangulia, na watu wa kwa mume wanatoka nje kuvitazama kimoja kimoja. Kitanda kitapapaswa, godoro litabonyezwa, kabati litafunguliwa na kufungwa hata na wasiohusika. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo heshima ya Mwaju mbele ya wakwe zake ilikuwa mikononi mwangu. Nikaapa nitamtengenezea kabati la mbao za mninga, milango mitatu, kioo katikati, na nikaanza kulitangaza mtaa mzima kabla sijapiga hata msumari mmoja.

Mninga ulioletwa wiki ile ulikuwa mbichi. Ukiweka shavu kwenye ubao unasikia ubaridi, na ukipiga randa, maranda yanashikana mkononi kwa unyevu. Hakuna fundi asiyejua maana yake. Mzee Chande alipita, akauinua ubao mmoja, akaupima uzito.

"Za nani hizi?"

"Za kabati la Mwaju, Mzee."

"Mbichi hizi. Zitapinda."

"Mzee, mbona yale makabati mawili ya juzi nilitumia mbao mbichi na hayakupinda?"

"Umeyaona wapi?"

Nikababaika. "Wenyewe hawajarudi kulalamika."

"Mie nakuuliza umeyaona wapi, wewe unaniambia hawajarudi!"

Akaniambia kuna mkongo mkavu umekaa nyuma ya karakana mwaka mzima, hauna sura ya kuvutia lakini hautamwaibisha mtu. Kama sitaki huo, basi nipeleke kitanda peke yake na kabati lifuate mninga ukikauka. Nitasemwa siku moja, akasema, halafu watasahau. Nami, kwa ujuba wa ujana, nikamjibu, "Mzee, ama litapinda, ama halitapinda. Ni nusu kwa nusu."

Mwanangu, penseli ilitoka sikioni ikarushwa mpaka barabarani.

"Nusu kwa nusu umeipima kwa futi gani? Ubao huukati bila kuupima mara mbili, halafu jambo la dada yako unalikadiria kwa mdomo! Kuna nyumba ngapi zimechukua makabati mabichi hapa Keko? Nenda kapige hodi nyumba kumi, ufungue milango kwa mkono wako. Asubuhi moja tu ya kutembea!"

Sikwenda. Nimewahi kujitetea kwamba muda ulikuwa mfupi, lakini huo ni uongo. Sikwenda kwa sababu nilikuwa najua nitakachokikuta. Mzee alipoona siondoki, akaniambia dada ni wako, amua mwenyewe, akaenda kuitafuta penseli yake.

Kabati likatoka, na ukweli lilikuwa zuri. Likavuka kwa pantoni, likapita barabara ile ya mashimo, likafika Kimbiji bila mkwaruzo. Vigelegele! Miongoni mwa akina mama waliosindikiza vyombo alikuwemo jirani yetu Bi Tausi, mjane asiye na mtoto, aliyetulea mimi na Mwaju nusu ya utoto wetu. Alilipapasa lile kabati akasema, "Jamani, kwa kabati hili hata mie ningeolewa tena!" Watu wakacheka. Mimi nikavimba kichwa.

Halafu likaja joto la kaskazi. Asubuhi ya Idi mume wa Mwaju alikwenda kutoa kanzu yake, mlango wa kabati ukagoma. Akavuta, akasukuma, wapi. Mbao zilikuwa zimekauka na kujikunja, milango imebanana. Swala ikawa inakaribia, baba mkwe anaita nje, mwisho shoka likaletwa. Kabati la mninga la dada yangu likapasuliwa mlango mbele ya ukoo mzima uliokuja kusherehekea, na kioo kikaenda na mlango.

Siku ya pili Mwaju alikuja nyumbani, macho yamevimba. Akamwambia mama yetu, "Mama, mama mkwe kaniuliza mbele za watu, kwenu walikuwa wanakutoa tu uondoke?"

Mama akashika kichwa. Hakuzitaja mbao wala fundi. "Hili ni jicho!" akasema. "Ni jicho la Tausi. Si mlimsikia alivyolisifia?" Na sahani ya biriani ya Idi ambayo Bi Tausi alikuwa ametuletea, Mama akairudisha na chakula chake, hakijaguswa. Nilimwona Bi Tausi akiipokea mlangoni kwake, hajui kosa lake.

Na mimi nilikaa kimya. Kweli kabisa. Mwanamke aliyekuwa akinipaka mafuta nikiwa mdogo anaitwa hasidi kwa upumbavu wangu, na mimi nimekaa na kikombe cha chai mkononi.

Mwaju alinifuata uani.

"Kaka, mbao ulijua mbichi?"

"Nilijua."

"Ukasemaje moyoni mwako?"

"Nilisema... ni nusu kwa nusu."

Akanitazama sana. "Nusu yako iko wapi, kaka? Mbona kuaibika nimeaibika mie peke yangu?"

Kesho yake ndiyo nilikwenda kupiga hodi, wakati ambapo haikusaidia tena. Nyumba kumi, kama nilivyoambiwa. Saba kati ya hizo makabati yalikuwa yamepinda. Huku karatasi imekunjwa na kupachikwa mlangoni, kule jiwe liko chini ya mguu. Mama mmoja wa Chang'ombe alikuwa anafunga kabati lake kwa mkanda wa mumewe. Nikamuuliza mbona hukurudi kutuambia? Akajibu kwa upole, "Nilidhani nyumba yangu ndiyo ina unyevu, baba." Kwa hiyo haikuwa nusu kwa nusu hata siku moja. Watu walikuwa wanaumia kimya, na mimi kimya chao nilikihesabu kuwa sifa.

Nikarudi, nikamchukua Mama kwa mkono mpaka kwa Bi Tausi, nikayasema yote. Mama akainamisha kichwa, akaomba radhi. Bi Tausi akaniambia mimi, si Mama, "Mie nililisifia kwa sababu lilikuwa zuri, mwanangu." Basi. Walisalimiana tena, lakini kufuatana shughulini kama zamani hawakufuatana, na Bi Tausi hakusifia tena kitu cha mtu mbele yangu mpaka alipofariki. Kabati la mkongo nililomtengenezea Mwaju baadaye analo mpaka leo. Milango yake inafunga vizuri.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana nimechoka kusikia fifti-fifti. Kuwepo kwa njia mbili hakuzifanyi zilingane. Ukitaka kujua jambo lina hatari kiasi gani, tafuta waliolifanya kabla yako, uwahesabu wote, na uwatafute hasa wale waliokaa kimya, kwa sababu aliyepata hasara mara nyingi anaona aibu kuisema. Usinitajie rafiki yako mmoja aliyepona. Hata mimi nilikuwa na makabati mawili. Kisha jiulize, likiharibika ataumia nani? Mkongo ungenitia aibu ya siku moja, mninga mbichi ulimtia dada yangu aibu iliyomfuata miaka. Hapo hata kama hatari ingekuwa ndogo, nilikuwa sina haki ya kuichezea, maana haikuwa yangu.

Na ukishapima vizuri, bado jambo linaweza kwenda vibaya. Hilo ni la Mwenyezi Mungu, wala usijilaumu. Ila usifanye ujinga, ukanusurika, halafu ukaja kunitambia kwamba ulikuwa sahihi. Ulinusurika tu.

Jabiri nimemwambia hatajenga mpaka apige hodi kwa majirani wa bondeni, akaangalie alama za tope kwenye kuta zao, amuulize hata aliyehama kwa sababu ya maji. Amenuna. Na anune, nitamvumilia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona kabla ya kukata na moyo wa kupokea jibu usilolipenda. Akuepushe na siku ambayo mtu unayempenda atasimama mbele yako akuulize, "Ulijua?" na wewe ukawa ulijua. Amina.