Siku Walipozima Moto wa Boma

Moshi wa mavi makavu ya ng'ombe hauna harufu mbaya kama watu wa mjini wanavyodhani. Una ukali kidogo puani, kisha unakuja utamu, kama nyasi zilizoungua pamoja na maziwa. Mwezi uliopita nilipita Songo, mtaa nilikozaliwa, nikakuta jirani anayachoma kufukuza mbu. Nilisimama njiani, na hasira ikanipanda kana kwamba mambo yale yalitokea asubuhi ileile. Acheni niwaeleze. Nilichokiona nitasema nilikiona. Nilichoambiwa nitasema niliambiwa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Likizo ile mama alinipandisha milimani Bijombo kwa kaka yake, mjomba Enoki, aliyekuwa na boma ukingoni mwa hifadhi ya msitu. Sisi wa ziwani tuliijua hifadhi ile kwa kitu kimoja tu: chui. Njia nzima, nikihema nyuma ya mama, nilikuwa nikitafuta madoa kwenye mianzi. Niliona ukungu tu, na makalio ya kondoo.

Katikati ya boma la mjomba palikuwa na moto wa mavi makavu, wenye moshi kuliko mwali. Jioni ng'ombe waliuzunguka na kufumba macho. Haukuzimwa kamwe. "Boma bila moto ni nyumba bila mlango," mjomba alipenda kusema. Moshi ulifukuza inzi, na ulimfanya chui apite mbali. Aliyeng'ang'ania kulala karibu nao kuliko wote alikuwa Gaju, mtamba mwekundu ambaye Jumamosi ile angepelekwa kwa wakwe kuwa mahari. Bila Gaju, mjomba hakuwa na harusi.

Katikati ya juma walipanda wageni wenye kamera, wakiongozwa na mkuu wa walinzi wa hifadhi. Wote walimwita Chef. Mgeni mmoja, kijana mwenye buti mpya za mpira, alimuuliza mama kama chui hula watu.

"Anakulaka wenye kuuliza sana," mama akamjibu, na hata Chef akacheka.

Kisha Chef akanyoosha fimbo kuelekea boma. "Enoki, zimisha ule moto. Moshi iko inafukuza chui, na wageni wametoka mbali."

"Chef, moto ya ngombe haizimwake. Hata baba hakuizimisha siku ya kilio ya mama."

"Ni leo tu."

"Na chui, atajua ni leo tu?"

Wageni wakacheka. Safari hii Chef hakucheka. Alimshika mjomba mkono, akampeleka nyuma ya ua. Sikusikia walichosema. Walipotokea tena, mjomba alichukua ndoo ya kunyweshea ndama, akamwaga maji kwa mkono wake mwenyewe. Moto ulikoroma, ukafa. Ng'ombe wote wakasimama kwa pamoja. Mimi nilimchukia mjomba. Nilimwona mwoga.

Alfajiri tuliamshwa na kelele za furaha. Wageni walikuwa wamempata chui wao, juu ya ua, kwenye mwanga mzuri, na sasa walikuwa wakionyeshana picha. Chini ya ua alilala Gaju, koo wazi, ulimi kwenye tope. Mjomba alipiga magoti, akamfunika macho kwa kiganja.

Majirani walikusanyika. Chef akapanda juu ya jiwe. Haya niliyasikia kwa masikio yangu.

"Munaona? Huyu anaita chui kwa uzembe wake. Mufugaji gani anaacha boma bila moto?"

Wageni walewale wakatikisa vichwa. Kijana wa buti akasema, "Kweli, iko hatari sana."

"Weye!" mama akafoka. "Si weye ulisema uzimwe?"

Chef hakumtazama. Alitangaza kwamba mfugaji kama huyo hawezi kukaa karibu na msitu, na kwamba boma liondoke kabla ya Jumapili. Mama alitaka kumwendea. Mjomba akamvuta kitenge.

Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima mama aliponiambia maneno ya nyuma ya ua. Ama moto uzimwe, ama boma liondoke kabla ya harusi. Ndivyo Chef alivyosema. Yule niliyemwita mwoga alikuwa amehatarisha ng'ombe wake ili bibi harusi awe na mahali pa kufikia. Wakachukua vyote viwili, ng'ombe na boma. Wakwe hawakuwa watu wabaya, lakini nani angempeleka binti yake kwa mtu asiye na mtamba wala ua? Aliolewa kwingine.

Leo mjomba anauza maziwa ya unga mtaani Kimanga, huku ziwani, kwenye kibanda chembamba. Wateja wakisikia anatoka kule juu, humuuliza kwa hamu kama aliwahi kumwona chui.

"Nilimuona," huwajibu, akifunga mfuko. "Yeye alikuwa na njaa. Wenye kumuita walikuwa wameshiba."